Damu ya Mzee

Kwetu Tanga mtoto hugawanywa mapema, hata kitovu hakijadondoka. Asubuhi ya kwanza baada ya kumzaa mwanangu wa mwisho, huyu tunayemwita Kitinda, wifi yangu alifika kabla ya uji, akamfunua mtoto kama anayekagua doti ya kanga dukani. Vidole virefu, vya kwao. Paji la uso, la marehemu baba yao. Mwanya nao wa kwao, na mtoto hana hata jino moja! Mama yangu mdogo, aliyekuja kunikanda, akaambulia masikio tu, tena kwa sababu yalikuwa yamechomoza. Tangu siku hiyo kanuni ni ileile: akifaulu mtihani kawatoa mashangazi zake, akivunja glasi kawatoa wajomba.

Kisa cha rangi kilitokea mwaka wa uchaguzi, na mwaka huo una kazi yake humu ndani, mtaona.

Nyumba tunayokaa aliiacha marehemu baba yangu, fundi cherehani. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uwani nyuma, kwenye moja ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Baba alipofariki mama alikuwa keshatangulia, warithi tukawa watatu: kaka yetu, mimi na mdogo wangu wa kike. Shehe alikaa barazani na kalamu yake, akaipiga hesabu kama sheria inavyotaka: mafungu manne, mawili ya mwanamume, moja moja ya sisi wanawake. Kaka anaishi Maskati miaka mingi. Alisema fungu lake tulikalie, mradi siku akirudi akute pa kufikia. Mdogo wangu kaolewa Pemba, na mwanawe wa kiume nimemlea mimi tangu ana miaka minne, kwa ajili ya shule. Mtoto huyo amepewa jina la marehemu baba yetu, na kwa kuwa hakuna kati yetu anayeweza kulitamka jina la mzazi wake huku anafoka, tunamwita Babu. Babu na Kitinda wamepishana miezi tu. Walikuwa na miaka 19 rangi ilipoingia nyumbani.

Kaka alipiga simu: binti yake anaolewa, na anataka ndoa ifungwe kwenye nyumba ya babu yake. Akatuma pesa za fundi rangi. Ukuta wa mbele upakwe krimu, na chini upigwe ukanda wa damu ya mzee, kama baba alivyokuwa akiupaka kila mwaka kabla ya Ramadhani.

Pesa za fundi zilifika. Fundi hakufika. Mume wangu haamini mafundi. Kwao Korogwe baba yake alijichimbia choo mwenyewe, akajiezekea nyumba mwenyewe, na kuna mwaka alijifungia chumbani na koleo ajing'oe jino, ikabidi wanawe wavunje mlango. Mume wangu ameurithi msimamo huo mzima mzima, ukiondoa jino. Pasi, pampu ya maji, redio, kitasa cha mlango, vyote huvifungua yeye. Kuvifunga ni habari nyingine. "Fundi," husema, "ni mtu unayemlipa akuharibie kitu ambacho ungeweza kukiharibu bure." Basi akaamua vijana watapaka, yeye atasimamia.

Mara ukaingia msiba Pangani, wa upande wake, na ilikuwa lazima twende wote wawili tulale huko. Akawaita vijana barazani. Akabandua kipande cha lipu kwenye ukanda wa zamani, chenye damu ya mzee yake bado, akampa Kitinda kiwe kielelezo dukani. Rangi ya maji juu, ya mafuta chini. Wapige msasa kwanza. Wasimwage rangi kwenye saruji ya baraza. "Na msiulizeulize watu," alimaliza. "Mwenye duka akikuona unauliza, kesha kujua kuwa hujui."

Tuliporudi, bajaji ilipokata kona mwenye bajaji alipunguza mwendo, akageuka kuniuliza kama tunashukia hapo ofisini au mbele kidogo.

Nyumba ya marehemu baba yangu ilikuwa manjano na kijani, rangi za chama. Krimu yao ilikuwa imekolea mpaka ikavuka mpaka, hilo tungelimeza. Lakini ule ukanda wa chini! Kijani kizito, kimepakwa mikono miwili, kinameta, kimenyooka kwa uzi kutoka kona hadi kona. Haki ya Mungu sijaona kazi safi namna ile. Hata vyungu vya maua walivimalizia. Barazani alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki, kofia mkononi, anamsubiri katibu wa tawi. Alikuwa pale tangu saa mbili. Jirani yetu wa mkabala, ambaye yeye na wanawe ni wa upande ule mwingine, alinitazama tu nilipomtolea salamu, akaingia ndani.

"Mnaonaje?" Kitinda aliuliza. Alikuwa na rangi hadi kwenye nyusi.

Mume wangu aliizunguka ile kazi polepole, mikono nyuma. "Damu ya mzee iko wapi?"

"Si hii hapa?" Kitinda akachomoa mfukoni kile kipande cha lipu, akakibandika ukutani, wekundu mzito juu ya kijani, uliokuwa ukipiga kelele mtaa mzima. "Nililinganisha dukani, baba. Juani."

Babu naye akasogea, akainama, akatazama kwa makini sana. "Baba mkubwa," akasema, "ni ileile."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kijana mmoja akisema uongo, unamtia adabu. Wawili wakikutazama machoni na kukuapia, unaanza kutafuta kosa lako wewe. Mume wangu alinitazama mimi. Kisha akawanusa midomo, wote wawili, kama kuna walichovuta. Nikamfuata bibi wa nyumba ya pili, ambaye hakuna kuku anayekatiza barabara yetu bila yeye kujua, nikamuuliza alikuwa wapi siku nzima watoto wakipaka kijani. Akasema alikuwa palepale dirishani. "Niliona, mwanangu. Nikadhani mmeamua. Mwaka wenyewe huu, nani aulize?"

Wifi yangu alifika kabla ya magharibi. Alisimama katikati ya barabara, akaweka mkono kiunoni, akatoa hukumu: "Kwetu hakuna vipofu."

Aliyefungua kitendawili ni binti yangu mkubwa, anayesoma ualimu wa sayansi Dodoma. Nilimtumia picha. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena, safari hii sauti imeshuka. Alikuwa anajua. Tangu wadogo zake wako darasa la pili, yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia penseli zao za rangi, herufi moja kwenye kila kalamu, na ujira wake ulikuwa nusu ya mahamri ya kila mmoja. Alidhani wavulana wote wako hivyo. Mimi nilikuwa nimeona upande mmoja tu wa jambo: nikiwatuma sokoni nyanya, wanarudi na zile ngumu za kijani, wanaapa zimeiva. Nikasema ni uvivu wa kiume wa kutochagua, kazi ya nyanya nikampa dada yao. Alipoenda chuo, nyumba ilibaki na macho manne ya kiume ambayo hakuna aliyewahi kuyapima, na kopo la rangi.

Tukawapeleka kliniki ya macho. Daktari, binti mdogo mwenye miwani kubwa, alitoa kitabu chembamba chenye kurasa za vidoti vya rangi. Vipimo hivyo vilibuniwa na daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, vikachapishwa mwaka 1917, na bado vinatumika duniani kote. Katika kurasa nyingi vidoti vya rangi moja vimechora tarakimu katikati ya vidoti vya rangi nyingine. Ukurasa wa kwanza ni 12, ambayo kila mtu huiona. Imewekwa pale ili mtu aelewe anachotakiwa kufanya. Kitinda akasema kumi na mbili. Daktari akafunua wa pili.

"Tatu."

Nikachungulia begani. Nilikuwa naona nane, kubwa, iliyonona.

"Tazama tena," daktari akasema.

"Nimetazama. Ni tatu." Kitinda akakivuta kitabu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Labda kitabu chako kimepauka, daktari."

Niligeuka kumtazama mume wangu, maana sauti ilikuwa yake. Yale maneno pia ni yake, huziambia mashine ya kulipia umeme, mizani ya sokoni na kalenda. Yeye alikuwa anatingisha kichwa, hajui hata anatingisha upande wa nani.

Babu aliitwa peke yake ili wasisaidiane. Kumi na mbili. Tatu. Alipofika kwenye 74 akasoma 21, akaongeza bila kuulizwa kwamba yeye akisema ishirini na moja ni ishirini na moja.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hawa ni ndugu?"

"Mmoja wangu, mmoja wa mdogo wangu," nikasema.

"Mdogo wako wa kike? Baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Na baba yenu alikuwa anaona rangi vizuri?"

Hapo nikanyamaza, maana kichwani lilinijia kabati la cherehani.

Alituchorea kwenye karatasi ya dawa. Ndani ya jicho mna seli ziitwazo koni, na maagizo ya kutengeneza zile zinazopambanua wekundu na ukijani yamekaa kwenye kromosomu ya X. Mwanamke anazo X mbili, moja ya baba yake na moja ya mama yake; mojawapo ikiwa na kasoro, mwenzake kwa kawaida humsitiri, naye huona kila kitu. Mwanamume ana X moja tu, ya mama, na ile Y aliyopewa na baba yake haina maagizo hayo. Ikija X yenye kasoro, hana wa kumsitiri. Kwa hiyo baba mwenye macho ya namna hiyo humpa kila binti yake hiyo X yake, maana hana nyingine ya kumpa, na wanawe wa kiume hawapi kabisa. Mabinti wakizaa, kila mtoto wa kiume ana nusu kwa nusu ya kuipata. Mimi na mdogo wangu tulirusha sarafu, kila mtu kwake, zikaangukia upande mmoja.

Nikawaza mirathi. Kaka yetu alipata mafungu mawili ya nyumba na sisi moja moja. Kwenye macho ya baba yeye hakuambulia hata punje. Tuligawana sisi wanawake, nusu hatukubakiza, kila mmoja alibeba mzigo mzima akaupitisha mbele bila kuuona.

Mume wangu alikuwa amesimama. "Kwa hiyo, daktari, mimi hapa siingii?"

"Kwenye hili huingii, mzee." Akajaribu kumweleza asidhani kila kitu kinakwenda hivyo, kwamba selimundu, kwa mfano, lazima baba na mama wote wawe wameibeba, ndipo kila mimba iwe na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Alikuwa anaueleza mlango. Mume wangu alikuwa nje, simu sikioni, anamwambia dada yake kuwa ameachiwa huru.

Hakuna dawa, na kwa maisha ya kawaida haihitajiki. Tatizo lilikuwa moja la kweli: Kitinda alikuwa ameomba kozi ya umeme kwenye chuo cha ufundi, na nyaya za umeme hazina jina lingine zaidi ya rangi zake. Miaka miwili alikuwa akifungua plagi humu ndani chini ya usimamizi wa baba yake, na tungali hai wote, ambalo nalo halina maelezo. Daktari alimwambia abadilishe kozi. Baba yake akapendekeza ufundi bomba, kwa sababu maji hayana rangi.

Usiku ule binti yangu alinitumia ujumbe mrefu kutoka Dodoma. Mwaka 1794 mwanakemia wa Uingereza, John Dalton, alisoma mbele ya wataalamu wa Manchester maelezo kuhusu macho yake mwenyewe, na ya kaka yake, ambaye naye alikuwa hivyohivyo. Dalton aliamini majimaji ya ndani ya jicho lake yana ubuluu unaoumeza wekundu. Akausia kwamba akifa macho yake yafunguliwe. Alikufa 1844, yakafunguliwa, maji yakakutwa meupe safi. Mabaki ya jicho yakahifadhiwa mpaka mwaka 1995, watafiti walipokata kipande, wakapima vinasaba, wakakuta hana maagizo ya ile koni ya kijani. Huko Ulaya ni karibu mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 tu kati ya 200, maana mwanamke lazima apate X mbovu mbili. Kwetu Afrika wako wachache zaidi. Chini kabisa akaandika kwamba yeye mwenyewe naye ana nusu kwa nusu ya kuwa ameibeba, na watakaomposa waambiwe mapema, wakitaka kupaka nyumba wajue.

Nikafungua kabati la cherehani. Ni Singer ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, chuma cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyofifia, na droo ndogo pembeni. Rili za uzi za marehemu bado zimo, za mti. Kwenye kila rili, kwenye kile kikaratasi cha duara kichwani, pana herufi moja ya Kiarabu kwa penseli, mkono wa mama, aliyejifunza kuandika chuo cha Kurani na hakupata shule nyingine. Kafu. Nuni. He. Utoto wangu wote nilidhani ni kinga ya hasidi. Nikazisogeza kwenye taa: kafu zote zilikuwa kijani, nuni nyekundu, he hudhurungi.

Ndipo nikakumbuka suti ya yule karani wa shamba la mkonge. Mama alikuwa amekwenda Unguja kumuuguza dada yake, na inaelekea rili mpya ilinunuliwa asipokuwapo. Suti ya kahawia ikatoka na vifungo vilivyoshonwa kwa uzi wa kijani, na tundu zake zote za kijani. Karani aliivaa Idi, na wiki iliyofuata walikuja wawili wengine wanataka mtindo uleule. Baba aliwashonea wakati mama keshateremka bandarini, naye hakusema neno. Alimtungia sindano uzi wa kijani, akampa.

Na hili ndilo lililoniweka macho kuliko X zote za daktari. Mama alifariki binti yangu hajatambaa. Nani alimwambia awaandikie ndugu zake herufi moja kwenye penseli?

Wifi yangu kwa juma zima alikuwa malkia. Alipita na habari msikitini upande wa wanawake, kwenye chama cha kuweka na kukopa, mpaka kwa muuza samaki: macho ya wajomba. Nilimwacha afike mwisho. Kisha siku moja alipokuwa kwetu, nikawaita vijana wote wawili, nikawauliza mbele yake: dukani mlimuuliza muuzaji jina la rangi?

"Aliuliza yeye," Kitinda akasema. "Aligusa kopo akasema, hii? Nikamwambia najua ninachotaka."

"Na kifuniko kilikuwa kimeandikwa?"

"Kiliandikwa," Babu akasema. "Hatukusoma. Mtu unasoma kama hujui."

Wifi akacheka. Kitinda, ndiyo, kamtoa baba yake. Nikamwambia: na huyu wa pili? Babu ana damu ya marehemu baba yangu, ya shemeji wa Pemba, na ya mababu wa huko nisiowajua. Ya Korogwe hana hata tone. Lakini anatembea mikono nyuma. Anakohoa mara mbili kabla ya kukanusha. Redio ikiharibika anaifungua, na kuna skrubu moja hubaki. Mwana hutazama kisogo cha nina, wifi, na kisogo kilichokuwa mbele yao miaka 15 ni cha kaka yako. Macho mabovu peke yake yangeishia kwa muuza rangi. Angewasomea kifuniko, wangerudi na damu ya mzee. Jicho ni letu. Mdomo wameupata kwenye meza ya nyumba hii.

Akasema atakwenda, ana chungu motoni.

Kaka alifika siku nne kabla ya harusi. Alishuka kwenye teksi, akaitazama nyumba ya baba yake juu hadi chini, akamtazama mume wangu. "Shemeji," akasema, "umepewa cheo gani?" Alicheka mpaka akakaa kwenye baraza, pale pale alipokaa yule mzee wa bahasha. Lakini fundi alitaka, na safari hii fundi wa kweli, na mume wangu alimlipa kwa mfuko wake, maana zile pesa za mwanzo zilikuwa zimegeuka kijani. Rangi ilichaguliwa na binti yangu kwa simu ya video, kopo limefunuliwa juani, mara tatu. Ujira aliotaka safari hii haukuwa mahamri: alitaka cherehani ya babu yake pamoja na droo. Ile haikuwahi kugawanywa. Tukampigia mdogo wangu Pemba, warithi watatu tukaridhia.

Fundi alipoanza, Babu alitoka barazani, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Akakohoa mara mbili. Akamwambia kijani cha mafuta hakifunikwi kwa mkono mmoja, na kwamba msasa alioupiga hautoshi, na brashi ile ni ya chokaa. Fundi akajibu ana miaka 20 kwenye kazi. Babu akasema miaka si hoja.

Fundi akashusha brashi, akamgeukia mume wangu aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni. "Mzee, huyu usiniambie. Huyu ni wako wa kumzaa."

Mume wangu hakumsahihisha. "Mkono wa pili," alisema, "na msasa rudia."